Ukoo wa Luxembourg: tafuta kijiji kwanza, jina la ukoo baadaye

Mleta mada, umesema babu mkuu wa mumeo alitoka Luxembourg akahamia Iowa, Marekani, miaka ya 1870, na unataka kujua ukoo wake; karatasi moja inamwita Mjerumani na nyingine Mholanzi. Usitupe hata moja, huenda ni mtu yule yule. Hadi 1890 mfalme wa Uholanzi ndiye alikuwa mtawala wa Luxembourg, na hadi 1866 nchi ilikuwa ndani ya Shirikisho la Ujerumani. Karani aliandika alichoelewa.

Rejista za Luxembourg (za vizazi, ndoa na vifo) zimepangwa kwa manispaa, kwa hiyo bila jina la kijiji utapoteza muda tu. Kijiji kitafute upande wa Marekani: madaftari ya ndoa na ubatizo ya parokia yao ya Kikatoliki, jiwe la kaburi, au tangazo la kifo katika Luxemburger Gazette, gazeti la Kijerumani lililotoka mjini Dubuque, Iowa, 1871 hadi 1918. Faili la uraia mara nyingi hutaja nchi tu.

Jina la mahali huandikwa kwa lugha tatu, Kifaransa, Kijerumani na Kiluxembourg: Clervaux, Clerf na Klierf ni mji mmoja. "Esch" pekee haitoshi, kwani kuna Esch-sur-Alzette na Esch-sur-Sûre. Kijiji kisipoonekana kabisa, angalia mipaka, kwani sehemu za Luxembourg ya zamani sasa ziko nchi nyingine. Bitburg ilikwenda Prussia (dola la Kijerumani) 1815. Arlon na Bastogne zikabaki Ubelgiji 1839.

Sasa fungua akaunti FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo, ni bure. Picha za rejista za serikali zinaanzia miaka ya 1790. Pitia kwanza majedwali ya miaka kumi kumi (orodha za majina na tarehe) ya manispaa husika, upate tarehe, ndipo ufungue cheti chenyewe. Mimi nashauri uanze na ndoa: cheti kimoja kinakupa wazazi wa pande zote mbili, kazi zao, makazi yao, na nani ameshafariki. Mwanamke huandikwa kwa jina la kwao hata akiwa mjane, jambo linalorahisisha mno.

Kabla ya 1806 utakutana na kalenda ya mapinduzi ya Ufaransa. Tarehe 1 ya mwezi vendémiaire, mwaka IX (wa 9), ni 23 Septemba 1800. Tumia kikokotoo cha mtandaoni, usikisie.

Kabla ya rejista za serikali ni madaftari ya parokia, kwa Kilatini, na hapa ndipo wengi hupotea. Mwanamume aliyeoa akahamia kwenye nyumba ya wakwe aliweza kuitwa kwa jina la nyumba hiyo, watoto wake pia. Amebatizwa kwa jina hili, akazikwa kwa lile. Tafuta maneno "alias" (kwa jina jingine) au "dictus" (aitwaye), kisha hakikisha ni yeye kwa jina la mke na wasimamizi wa ubatizo. Mtoto alipewa jina la msimamizi wake, hivyo ndugu wawili walio hai waweza kuwa Joannes wote. Usimhesabu mmoja kuwa marehemu mpaka uone "obiit" (alifariki).

Miti ya ukoo ya mtandaoni huwaunganisha ovyo ndugu kama hao wenye jina moja. Kwa waliozaliwa karne ya 19, linganisha na sensa, zilizopo tangu 1843. Zinaorodhesha waliokuwemo kila nyumba.