Mgonjwa akija ameshika chupa ya maji baridi

Nyie mnaoanza kazi kwenye kliniki ya meno, kabla hamjashika kioo angalieni kwanza mgonjwa kashika nini. Mama mmoja mkaanga maandazi aliingia kwangu asubuhi na chupa ya maji ya barafu. Kila baada ya dakika moja mbili anapiga funda, analituliza shavu la kushoto, kisha anameza. Funda likishapata joto mdomoni anakunja uso, anapiga jingine. Hakuwa na kiu. Jino linalochachamaa kwa chai ya moto na kutulia kwa baridi, kiini chake kinakufa. Halitapona lenyewe, na ukiliziba juu tu umefungia moto ndani ya nyumba.

Kiini ni ule mnofu mdogo katikati ya jino wenye neva na mishipa ya damu. Bakteria wakikifikia kupitia tundu, kinavimba, lakini kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo maana mtu halali. Baadaye maumivu yanaweza kukata ghafla, na hapo ndipo wagonjwa wengi wanatupotea. Anashukuru Mungu amepona, kumbe neva imekufa. Maambukizi yanashuka hadi ncha ya mzizi, yanakula mfupa, na miezi kadhaa mbele anarudi na kipele kwenye ufizi kinachopasuka na kujaa tena. Kipele hicho msikidharau, hata kama hakiumi.

Mtaulizwa kila siku: "Dokta, si unipe tu amoksilini?" Mimi hujibu kwamba dawa husafiri na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Uvimbe unaweza kupungua wiki hii, chanzo kiko palepale. Antibayotiki ina mahali pake, pale uvimbe unaposambaa au mgonjwa ana homa. Na mkiona uvimbe umeshuka chini ya taya, ulimi umeinuka, hata mate yanamshinda kumeza, msianze kuhangaika na jino. Apelekwe hospitali kubwa saa hiyohiyo, maana uvimbe wa namna hiyo huziba njia ya hewa.

Kwenye karafuu sina ugomvi na bibi zetu. Mafuta yake yana yujenoli, ambayo sisi wenyewe tunaichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Inatuliza, ila haisafishi mzizi. Ugomvi wangu ni mafuta ya taa: nimeona fizi zilizobabuka kwa ajili yake, na jino bado linauma.

Kuhusu matibabu yenyewe, chukueni karatasi mumchoree. Mnapiga ganzi, mnatoboa juu ya jino, mnatoa kiini, mnasafisha mifereji ya mizizi kwa faili, vile visindano vyembamba vya kukwangulia, mnaiosha kwa sodiamu haipokloraiti, ambayo ni dawa ileile iliyomo kwenye maji ya kutolea madoa nguo nyeupe. Mkishakausha mnaijaza gataperka, utomvu wa mti unaolainika kwa joto. Mpira wa kutenga jino uvalishwe hata kama foleni imefika mlangoni. Bila mpira mate yanarudisha bakteria mnaowafukuza, na faili ikiponyoka inaelekea kooni. Wagonjwa huita kazi yote hii "kuua neva." Siwasahihishi, ingawa mara nyingi neva tunaikuta imeshakufa.

Ganzi itawaaibisha kwenye magego ya chini yaliyovimba kiini. Mdomo umekufa ganzi kabisa, lakini ukigusa ndani mgonjwa anaruka kwenye kiti. Msimwambie "vumilia kidogo." Anasema kweli. Simameni, ongezeni ganzi, ikibidi ndani ya kiini chenyewe. Mgonjwa aliyeumizwa siku ya kwanza harudi ya pili, na nyumbani atawasimulia majirani wote.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa gego la kwanza la juu. Nilihesabu mifereji mitatu, nikaijaza vizuri, picha ya eksirei ikapendeza, nikajisifu. Mgonjwa akarudi jino linamuuma akitafuna. Kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu kulikuwa na mfereji wa nne, mwembamba kama unywele, sikuutafuta. Gego hilo mara nyingi huwa na minne, na nilifundishwa hivyo darasani! Tangu siku hiyo nikishapata wa tatu naendelea kutafuta kana kwamba sijapata hata mmoja.

Yule mama wa maandazi nilimsafisha mizizi, nikaweka dawa ya kalsiamu na kiziba cha muda, nikampa tarehe. Siku ikapita. Nilipompigia alishangaa: "Si limepona, dokta? Nakunywa chai ya moto kabisa." Ilibidi nimweleze upya, kwamba kiziba kile kitamomonyoka na bakteria watarudi. Akaja, tukamaliza kujaza. Nikamwambia gego lililochimbwa hivyo hupasuka kirahisi, linahitaji kuvishwa kofia ngumu ya kulifunika lote. Akauliza bei, akanyamaza, akahesabu vidole. Zamu yake ya kupokea mchezo, zile pesa wanazochangiana na wenzake, ilikuwa mwezi unaofuata. Nikaandika kwenye kadi: asitafunie kushoto vitu vigumu, aje wiki ya kupokea mchezo.