Kabla hujapaka ndimu usoni, nisikilize kwanza

Harusi ya binamu yangu ilikuwa Jumamosi. Jumatano asubuhi nilikata ndimu mbili, nikazikamulia kwenye kibakuli chenye manjano na sukari, nikakoroga mpaka ikawa kama uji mzito, nikajipaka uso mzima. Maganda nayo sikuyatupa. Dada mmoja niliyekuwa namfuatilia kwenye simu alisema usipoteze kitu, basi nikajisugua nayo mashavuni na kidevuni. Halafu nikatoka uani kufua. Saa nne asubuhi, Tanga, mwezi wa pili. Aliyewahi kuishi Tanga mwezi wa pili hahitaji kuelezwa jua lake.

Uso ukaanza kuwasha. Nikajipa moyo kwamba dawa inafanya kazi. Nikafua mpaka nikamaliza, nikanawa, nikajitazama kwenye kioo: uso umetakata, una umanjano fulani hivi, nikafurahi kabisa. Alhamisi ngozi ikawa ya moto na inavuta. Ijumaa nikaamka na malengelenge kwenye mashavu, na michirizi miwili kutoka pembe ya mdomo hadi shingoni, pale pale maji ya ndimu yalipochuruzika nikiwa nimeinamia beseni. Kwenye harusi nilijaza poda mpaka inameguka. Shangazi mmoja akanivuta pembeni kuniuliza kama nimemwagikiwa na chai.

Malengelenge yalikauka baada ya wiki moja. Alama zake, rangi ya kahawa iliyokolea, nilikaa nazo mpaka mwezi wa sita.

Kilichonipata kina jina refu la hospitali, fitofotodematitisi, lakini maana yake ni nyepesi. Ndimu, na zaidi ganda lake, ina kemikali ambazo zenyewe hazina ugomvi na mtu mpaka zikutane na jua. Zikiwa juu ya ngozi na miale ya jua ikazipiga, zinaunguza. Na haziunguzi papo hapo, zinasubiri siku moja au mbili, ndiyo maana wengi hawaoni uhusiano kati ya ndimu ya Jumatano na malengelenge ya Ijumaa. Hata mtu aliyekamua ndimu za juisi akiwa juani anaweza kuamka na mikono yenye mabaka. Sisi wenye ngozi nyeusi tunapata na nyongeza: ngozi yetu ikiumizwa kidogo tu, iwe kwa chunusi, kwa kukwaruza au kwa kuungua, inajibu kwa kumwaga rangi pale ilipoumia. Kidonda kinapona siku saba, doa linakaa miezi.

Na hata ukipaka usiku, mbali na jua, bado ndimu si chakula cha uso. Ngozi ina uchachu wake mdogo, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka ukali unapanda) kama 5 hivi. Ndimu iko kwenye 2. Kwa hesabu za pH kila namba ni mara kumi, kwa hiyo unapaka kitu kikali kuliko ngozi yako karibu mara elfu. Wale wanaosema basi weka magadi ili kupoza, nao wanakupeleka upande wa pili wa shimo lile lile, maana magadi, na hata baking powder ya maandazi, hayana kazi usoni.

Nilipokwenda Pangani kwa bibi mzaa mama, aliniangalia kwa muda, akashika kidevu changu akakigeuza kushoto na kulia kama anayekagua embe sokoni. Akasema, "Uso si sufuria, mjukuu wangu, hata uusugue kwa ndimu." Halafu akaniambia nimletee msio.

Kama hukukulia pwani labda hujui msio. Ni jiwe dogo la kukwaruza, la kusagia liwa, yaani mti wa msandali wenye harufu nzuri. Bibi alimimina matone ya marashi katikati ya jiwe, akachukua kipande cha liwa kilichoisha hadi kubaki kama kidole gumba, akaanza kukizungusha. Taratibu. Unasikia kile kisauti cha mti juu ya jiwe, na harufu inapanda kabla hujaona kitu. Baada ya muda pale katikati pakawa na ujiuji laini wa rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Akachovya kidole, akajipaka yeye kwanza paji la uso na mashavu, kisha akanigeukia. Mimi alinipaka pembeni tu, hakugusa palipoungua. "Pale paache papoe penyewe," alisema.

Liwa haikunifuta madoa, na bibi hakuahidi hivyo. Alichokuwa anatafuta ni ubaridi na harufu, na alijipaka jioni jua likishazama, hakuna haraka. Ile jioni ndiyo iliyonibadilisha akili. Nilikuwa nachukulia maski ya uso kama dawa ya kusafisha masizi, kwamba isipowasha haifanyi kazi. Siku hizi kitu kikiniwasha tu nakinawa, sisubiri dakika iishe.

(Ukitaka liwa, nunua kipande kidogo, kitakukalia miaka. Msandali unaoota kwetu Afrika Mashariki umekatwa ovyo kiasi kwamba tangu 2013 biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini.)

Sasa nije kwenye ninachopaka mimi, mwenye ngozi ya mafuta kwenye paji na pua, na kavu kavu mashavuni.

Ninachokiamini kuliko vyote ni oti, zile zile za uji, zisizo na sukari wala ladha. Natwanga vijiko viwili vya chakula kwenye kinu kidogo cha vitunguu saumu (kikiwa kimeoshwa vizuri, jamani, nilisahau siku moja) mpaka ziwe unga. Naongeza mtindi mtupu kijiko kimoja na nusu na asali kijiko cha chai. Naacha kibakuli dakika tano oti inywe maji, ndipo ninapaka. Hizi oti si hadithi za mtandaoni: unga wake laini hutuliza ngozi inayowasha, na Marekani mamlaka ya chakula na dawa iliupitisha kama kinga ya ngozi mwaka 2003. Mtindi una asidi laktiki, ambayo hulegeza ngozi iliyokufa juu juu, ila kwa upole.

Dakika kumi, kumi na tano ukizidisha. Hapa wengi tunakosea, tunasubiri maski ikauke mpaka mdomo haufunguki, ikianza kupasuka kama shamba la kiangazi tunaona ndiyo imeiva. Maski ikikauka hivyo inaondoka na maji ya ngozi yako. Nawa ikiwa bado ina unyevu, kwa maji ya uvuguvugu, bila kusugua. Usipanguse kwa khanga, gusagusa tu. Kisha paka mafuta au losheni yako uso ukiwa bado na umajimaji.

Asali peke yake pia inatosha, hasa siku umechoka. Naipaka nyembamba kwenye uso uliolowa, robo saa, nanawa. Asali ina sukari nyingi na maji machache, ina uchachu, na ikikutana na maji hutoa kiasi kidogo cha hidrojeni peroksaidi, ndiyo maana bakteria hawaistahimili. Shida ni kuipata. Ya Tabora inasifiwa kwa haki, lakini chupa yenye neno Tabora si lazima iwe imepita Tabora. Yale majaribio ya kudondosha kwenye maji au kuchovya kiberiti usiyategemee, sukari iliyochemshwa vizuri inayafaulu yote. Mimi nanunua kwa mzee mmoja ambaye akiwa hana anasema hana, na hilo kwangu ndilo jaribio. Kama nyuki akikuuma unavimba vibaya, au chavua inakusumbua, asali iache kabisa.

Parachichi namwachia dada yangu. Anaishi Njombe, mwezi wa saba kule baridi inapasua midomo, na yeye akiponda nusu parachichi lililoiva na kijiko cha asali anatoka anang'aa. Mimi nikijaribu, kesho yake nina vipele vya mafuta kwenye paji.

Papai nalitumia kwa adabu. Lile papai bichi tunalolainishia nyama ya mishkaki, kinacholainisha ile nyama ni kimeng'enya kiitwacho papaini, na hakijui tofauti ya nyama ya bucha na shavu lako. Likiwa bichi lina utomvu mwingi, usiliguse. Lililoiva sana, limepondwa na mtindi, dakika tano, mara moja kwa wiki mbili, basi.

Mshubiri (aloe vera) ni mzuri ukitoka juani, lakini ukikata jani lisimamishe kwenye glasi kwanza mpaka ule utomvu wa njano uchuruzike wote, maana ndio unaowasha. Osha, menya, tumia ule ute mweupe tu.

Manjano, au binzari kama mnavyoita bara, sijaiacha, ila nimeipunguza hadi ncha ya kijiko ndani ya mtindi. Zaidi ya hapo unapata uso wa njano na foronya ya njano, na foronya haitakati kirahisi. Kuna watu inawapa mzio pia.

Mafuta ya nazi usoni hapana. Najua nimewaudhi watu wa pwani. Nywele sawa, mwili sawa, miguu iliyopasuka sawa kabisa, ila kwa mwenye ngozi ya mafuta yanaziba vitundu na vipele vinapata makao. Singo nayo, ule mchanganyiko wa viungo na maua wa kumsugua mwari, iacheni ikae mwilini ilikokusudiwa. Mwari anasingwa mikono, miguu, mgongo, ananukia nyumba nzima, ni raha. Lakini karafuu, mlangilangi na asumini zikisagwa pamoja ni kali kwa ngozi nyembamba ya uso. Mdalasini, dawa ya meno, vitunguu saumu juu ya chunusi, yai bichi karibu na mdomo: vyote hivyo sitaki hata kuvieleza.

Kabla ya kitu chochote kipya, paka kidogo ndani ya kiwiko au nyuma ya sikio, acha siku moja, ikiwezekana mbili. Najua unajiona huna muda, una sherehe kesho. Ndiyo hasa siku ya kutojaribu kitu kipya. Na tengeneza cha kutumia leo leo. Mtindi wenye oti ukikaa kwenye friji wiki nzima unaotesha mambo usiyoyataka usoni, maana hauna dawa ya kuzuia kuoza kama vya dukani.

Sasa niseme na yasiyopendeza. Maski hizi zinalainisha, zinapoza, zinaondoa ule ukavu wa vumbi na feni, na zinakulazimisha kukaa robo saa bila simu. Chunusi zangu za ukubwani, zile za taya zenye usaha, hazikuondoka kwa asali. Ziliondoka kwa dawa yenye benzoili peroksaidi niliyoandikiwa na daktari wa ngozi, baada ya mimi kupoteza miaka miwili na bakuli za jikoni. Madoa niliyoachiwa na ndimu yalififia kwa muda na kwa krimu ya kukinga jua kila asubuhi, hata siku za mawingu. Ngozi nyeusi nayo huungua. Nusu ya tunaohangaika na madoa tunayapikia dawa usiku, mchana tunayarudisha juani bila kinga.

Na ukiona maski ya "asili" inauzwa kwenye kikopo kisicho na jina la mtengenezaji, inakutakatisha ndani ya siku tatu, huo ni mkorogo uliovalishwa jani la mshubiri. Zebaki na haidrokwinoni, zile kemikali za kuchubua ngozi, hazioti shambani. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba yake ni ya karoti tupu. Nikamuuliza karoti gani inaung'arisha uso na kuyaacha masikio meusi. Akacheka, akaniuzia sabuni ya mwani.

Bibi alifariki mwaka juzi, na msio nikaurithi mimi, kwa kuwa wajukuu wengine walikuwa wanagombea khanga. Unakaa jikoni kwangu karibu na sinki. Mwezi uliopita wifi yangu alikuja kunisaidia kupika, akauona, akajua moja kwa moja kazi yake: akanolea kisu. Nilipofika kisu kilikuwa kinakata hadi karatasi, na kachumbari ya siku hiyo ilinukia liwa toka sahani ya kwanza hadi ya mwisho.