Re: Ngamia amepandwa mara nne, hashiki mimba

Habari ndugu yangu wa Gilgil. Umesema ngamia wako alizaa, kondo la nyuma likachelewa kutoka, na sasa amepandwa mara nne bila kushika, tena mkia unachafuka usaha. Mimi naishi Nakuru mjini ila ngamia wangu wako Baringo, na wawili walipitia hayo hayo.

Kwanza mtenge na dume leo. Kila akipandwa, uchafu zaidi unaingia kwenye kizazi ambacho tayari ni kigonjwa. Halafu apimwe damu, kutafuta brusela (ugonjwa wa bakteria unaoambukiza hata watu) na surra (ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na nzi wanaouma). Zote mbili hutoa mimba, na kuosha kizazi hakuzitibu. Majibu yakisubiriwa, chemsheni maziwa, na usiguse ule usaha bila glavu.

Mimi nilianza kwa kuwachoma oksitetrasaiklini, antibiotiki ya dukani, mara mbili, pesa ikaenda bure. Daktari wa mifugo alipokuja alichukua ute wa kizazi ukapimwe maabara kwanza. Ndipo akaosha kwa maji ya dripu yaliyopashwa moto kidogo, akarudia mpaka yakatoka safi, kisha akaweka antibiotiki kulingana na majibu. Maziwa ya siku za dawa usiuze, tafadhali.

Mmoja alipopandwa tena, baada ya wiki mbili hivi akaanza kuinua mkia kila dume akimkaribia. Alikuwa ameshika. Wa pili hakushika tena. Wako sijamwona, kwa hiyo dawa yenyewe aitaje daktari atakayempima.