Vina visikunyang'anye ulichotaka kusema

Tarbia ni shairi lenye mishororo (mistari) minne kila ubeti, na kila mshororo una mizani, yaani silabi, 16: nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Anayejifunza huhangaika na hesabu hiyo mpaka akasahau lililomsukuma kuandika. Shairi linatoka limekamilika, lakini halina mtu ndani yake.

Kabla ya kugusa vina, zile silabi za mwisho zinazofanana, andika jambo lako kwa nathari, lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, sentensi tatu au nne, kama unavyomwandikia ndugu yako. Zikiwa hazina hata kitu kimoja cha kuonekana au kushikika, shairi bado hujalipata. Tazama mshororo huu:

Mama yangu nakupenda, moyoni umenikaa

Mizani zimetimia. Lakini mama huyu ni nani? Mtu yeyote angeusema. Sasa huu, kwa vina vilevile:

Sare yangu akipinda, taa ikimzimia

Hapa pana usiku, pana mtoto wa shule, pana mafuta ya taa yanayokwisha na mkono usioacha kushona. Upendo umeingia bila kutajwa.

Kwa hiyo vina vifuate maneno usiyoweza kuyaacha. Kama "akipinda" ndilo neno lako, kina chako ni -nda, na maneno yake ni mengi. Ukianza na kina adimu kama -gwe, ubeti wa pili tu utaanza kuokota maneno yasiyohusika.

Vijazio, maneno ya kutimiza mizani tu, ndivyo vinavyoua mashairi mengi: "jamani", "nawaambia", "sikizeni". Vifute vyote, kisha hesabu upya. Pengo lililobaki lijaze kwa jina la mahali, kifaa au kitendo. Na hesabu vizuri: "mtu" ni mizani mbili, kwa kuwa m inasimama peke yake, "ndugu" nayo ni mbili tu.

Inkisari, kufupisha neno kama "sendi" kwa "siendi", na mazida, kulirefusha kama "muwili" kwa "mwili", ni ruhusa ya mshairi. Ila "mato" (macho) na "nti" (nchi), kama hukulelewa na Kimvita wala Kiamu, lahaja za Mombasa na Lamu, viache. Msomaji wa Mombasa atakugundua mara moja, na maneno ya kwenu Tabora au Bukavu yatakuwa yamepotea bure.

Usikimbilie shairi huru ukidhani ni rahisi. Bila vina, taswira na pumzi ndizo zinazobeba kila kitu, na udhaifu hauna pa kujificha.

Ukimaliza, lighani kwa sauti. Mshororo unaojikuta unauharakisha ndio usiouamini mwenyewe; urudishe kwenye nathari uanze nao upya.