Kamera inasema dakika tatu, mimi nakumbuka robo saa

SWALI: Shikamoo Daktari. Mwaka juzi majambazi walivamia duka la dawa ninakofanya kazi. Polisi niliwaambia walikaa robo saa. Kamera ikaonyesha dakika tatu tu. Mpaka leo nikikumbuka naona robo saa kamili, na wenzangu wanasema nilitia chumvi. Je, kichwa changu kina kasoro?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Hukutia chumvi, na kichwa chako ni kizima.

Muda wa tukio lililopita tunaukadiria kwa wingi wa mambo tuliyoyahifadhi. Siku ya kawaida, dakika tatu za dukani haziachi kitu. Siku ile adrenalini, homoni inayotoka tukishtuka, ilipanda, na sehemu ya ubongo iitwayo amigdala ikaihimiza jirani yake, hipokampasi, ihifadhi kwa nguvu: mdomo wa bastola, chupa ya dawa ya kikohozi ikibingirika sakafuni, pumzi za mwenzako chini ya kaunta. Leo ukikumbuka, mambo ni tele, nawe unaona muda ulikuwa mrefu.

Mwaka 2007 mtaalamu wa ubongo David Eagleman na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Dallas, Marekani. Waliojitolea waliachiwa waanguke kinyumenyume mita 31 hadi kwenye wavu. Baadaye, kwa wastani, waliukadiria mwanguko wao wenyewe kuwa mrefu kuliko wa wenzao kwa asilimia 36. Lakini mkononi walifungwa kifaa chenye tarakimu zinazopepesa haraka mno. Kama wakati wa kuanguka macho yao yangekuwa yanaona mambo polepole, wangezisoma. Hawakuweza. Urefu ule ulitoka kwenye kumbukumbu.

Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake nao, mwaka 1987, waliwaonyesha watu video ya sekunde 30 ya uporaji wa benki. Makadirio yalipita mbali muda halisi, na video ilipokuwa ya kutisha zaidi yakazidi kurefuka. Ndiyo maana inaniuma kila ninaposikia shahidi anaitwa mwongo kwa sababu ya dakika.

Ukiitwa mahakamani, usijilazimishe kutaja muda. Eleza kipi kilitangulia kipi. Kama redio ilikuwa ikisoma taarifa ya habari, au adhana ilikuwa imeanza, sema hivyo. Hayo yana saa yake. Wakikubana kuhusu ile robo saa, waambie ndivyo unavyoikumbuka, na kwamba kilichopima ni kamera.