Mbuta wa kilo 50 hadai mshipi wa kilo 100

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Kisumu. Wikendi huenda na wenzangu kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, kuvua kwa fimbo, tukiburuta chambo bandia nyuma ya mashua. Mwezi uliopita mbuta (sangara) mkubwa alinikatia mshipi wa kusuka wa pauni 50. Muuzaji wa vifaa ameniambia nichukue wa pauni 150, kwa kuwa mbuta hufika kilo 100, halafu nikaze breki ya rili (gurudumu la kukunjia mshipi) hadi mwisho. Kaka yangu anayeishi Alaska naye ameahidi kuniletea fimbo ya kuvulia halibati, fupi na ngumu, ya pauni 80 hadi 130. Je, vitanifaa?

JIBU: Mwalimu, usimlipe huyo muuzaji kwanza. Hesabu yake naisikia kila wiki: samaki ana kilo kadhaa, basi mshipi uwe na kilo zaidi ya hizo. Ingekuwa hivyo, hakuna ambaye angewahi kumtoa mbuta wa kilo 40 kwa mshipi wa pauni 30, na wanatolewa.

Pauni zilizoandikwa kwenye kibandiko zinaeleza mvuto unaokata mshipi mpya usio na fundo. Hazihusu uzito wa samaki. Mbuta ana mfuko wa hewa tumboni, na akiwa majini maji ndiyo yanayombeba. Unachopambana nacho ni mkia wake, na ukali wa mvuto huo unaupanga wewe kwa breki, inayoachia mshipi utoke samaki akivuta zaidi ya ulivyoikaza. Ikiachia kwa kilo 6, mshipi hautaonja zaidi sana ya kilo 6, awe mbuta wa kilo 10 au yule wa kilo 104 aliyevunja rekodi ya dunia kwenye Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Yeye atakimbia tu, nawe utamfuata kwa mashua.

Sasa pauni 50 ni kama kilo 22 na nusu. Breki huwekwa robo hadi theluthi ya hapo, yaani kilo 6 au 7. Usikisie kwa kuvuta mshipi kwa mkono, mkono hudanganya. Azima ile mizani ya kuning'iniza wanayopimia samaki bandani, funga mshipi kwenye ndoana yake, mwenzako aishike, wewe inua fimbo ipinde kama unapigana na samaki, usome rili inaachia kwenye kilo ngapi. Kumbuka pia kwamba kadiri mshipi unavyopungua kwenye rili ndivyo breki ileile inavyozidi kuwa nzito, kwa sababu mzingo umekuwa mdogo. Samaki akikimbia mita 150, legeza kidogo. Wengi hufanya kinyume: wanaona rili inaisha, wanakaza, mshipi unakatika, halafu lawama zote zinaangukia kiwanda.

Kilichokukatia mwezi jana hukukieleza, lakini ncha iliyobaki itasema. Kama uliunga nailoni mbele, nayo imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo lilifunguka. Nyuzi zikiwa zimechambuka, mshipi ulisuguliwa na jiwe au na mdomo wa samaki. Mbuta hana meno ya kukata, ila taya zake ni kama msasa na kifuniko cha shavu kina ukali wa kisu. Ndiyo maana mbele ya mshipi wa kusuka tunaunga mita moja na nusu hadi mbili za nailoni nene ya pauni 80 au 100. Hapo unene una kazi. Kwenye rili nzima hauna, unakula nafasi tu, unakaa na mita 100 mahali pa 250.

Fundo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu halina bei na watu hawalitaki. Fundo baya hupunguza nguvu ya mshipi hadi nusu, na ukilikaza kavu nailoni huungua kwa msuguano. Lilowanishe kwa mate, livute taratibu. Ukishamaliza, pima: chukua mtungi wa maji, mimina lita 15, funga mshipi wako wa pauni 50 kwa fundo lilelile la ziwani, inua mtungi kidogo tu juu ya ardhi. Ukikatika kwa lita 15, ama fundo halifai ama umeuziwa maandishi. Zile rola za mshipi za bei ya chai zilizoandikwa pauni 100, nimezipima kwa mtungi huohuo, na nyingine hazikufika nusu.

Fimbo ya kaka yako ni nzuri, ila si ya huku. Halibati ni samaki bapa wa sakafu ya bahari. Akikua hana mfuko wa hewa. Huvuliwa kwa kushusha chambo chini moja kwa moja, mara nyingi mita 60 na zaidi, penye mkondo mkali, na chubwi (kizito cha kuzamishia chambo) ya nusu kilo hadi kilo nzima. Fimbo fupi ngumu imetengenezwa kuinua mzigo huo wima kutoka shimoni. Wewe unaburuta chambo chepesi kwenye Ghuba ya Winam, ambayo sehemu yake kubwa haifiki hata kina cha mita 20. Na mbuta huruka! Anatoka majini, anatikisa kichwa, anazitupa ndoana. Fimbo isiyopinda haimfuati. Inampa mshipi mlegevu mara moja na kumrarua mdomo mara nyingine. Chukua ya futi saba, iliyoandikwa pauni 30 hadi 50, yenye ncha inayopinda na kiuno kigumu. Mshipi wa pauni 50 unatosha. Kwenye rili anza kwa kuzungusha nailoni kidogo, ndipo mshipi uje juu yake, la sivyo mshipi wa kusuka utateleza wote ukizunguka chuma kitupu.

Hata ukinunua wa pauni 150 na kukaza breki kabisa, kitu kingine ndicho kitakachoachia. Ndoana za pembe tatu hunyooka, pete ya chambo hufunguka, fimbo huvunjika juu ya kishikio. Na visipoachia hivyo, unaachia wewe. Kilo 15 mwishoni mwa fimbo ya futi saba si kilo 15 kwenye mikono. Fimbo ni wenzo, na anayeshika upande mrefu ni samaki. Mtu aliyesimama kwenye mashua inayoyumba hawezi kuhimili hilo. Anapiga magoti au anaingia ziwani.

Hili nalisemea na wengine wanaosoma hapa, maana si fimbo tu. Nina kovu kwenye kidole cha shahada. Karibu na mawe ya kisiwa cha Mfangano chambo kilikwama, nikazungusha mshipi wa kusuka mkononi nivute. Wimbi likainua mashua, mshipi ukaingia nyamani kama waya wa kukatia sabuni. Ulikuwa mnene, wenye nguvu, haukukatika, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Siku hizi nazungusha kwenye kipande cha mpini wa jembe. Nimeona pia vijana wanaojifunga mshipi wa kuvulia kiunoni, wengine kwenye mbao ya kukalia, ili wapige makasia kwa mikono miwili. Bila jaketi la kuokolea. Aliyewafundisha anawauzia na dawa ya kupaka chambo ili mbuta asikatae. Ukiiona chupa hiyo, isogeze mbali na mshipi wako. Sijui ina nini ila naona jinsi inavyoacha nailoni ikinata na kujikunja. Mbuta hufuata samaki wadogo, siyo harufu ya manukato.

Kaka yako akisisitiza kuleta kitu, mwambie alete pete na ndoana za pembe tatu za chuma kinene, saizi ya chambo chako. Hizo ndizo zinazotushinda kupata hapa.