Kurasa za Bibi

Binti wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, alinirudishia mswada wangu wa riwaya ya vijana baada ya siku nne. Nikamwuliza ameuonaje.

“Mzuri, shangazi. Ila zile kurasa za bibi niliziruka.”

Kurasa za bibi zilikuwa 62.

Riwaya inamhusu Mwanaidi, msichana wa Pangani wa miaka 16, ambaye baba yake anataka kuuza shamba la minazi la familia. Kila usiku bibi yake humsimulia kisa cha mvuvi na ngalawa yake. Kisa hicho nakipenda mno, nilikisikia utotoni jikoni kwetu, na kusema kweli nilikitia kitabuni kwa sababu hiyo tu. Mwanaidi anasikiliza, analala, asubuhi anaamka na shida zake zilezile. Kwa nini kijana asiruke? Akishaona hadithi ya ndani, yaani kisa cha bibi, haimtikisi Mwanaidi aliye katika hadithi ya nje, anajua hatakosa kitu.

Nikarudi kwa waliotangulia. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, kabla Adili hajaanza kusimulia yaliyomkuta, tumeshajua kwamba liwali huyu anayesifiwa kwa uadilifu ana manyani wawili ambao usiku huwachapa. Mfalme Rai anataka kujua kwa nini, na sisi tumeshikwa na hamu ileile. Adili anaposimulia, anajibu swali linalotuwasha tayari. Mimi nilikuwa nimetoa jibu ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kitabu cha pili ni A Monster Calls cha 2011. Patrick Ness alikiandika kutokana na wazo la Siobhan Dowd, aliyefariki mwaka 2007 kabla hajaliandika. Conor ana miaka 13, mama yake anaugua saratani, na saa sita na dakika saba usiku mti mkubwa unamjia ukiwa zimwi. Zimwi litamsimulia hadithi tatu, kisha ya nne aitoe Conor mwenyewe, nayo iwe kweli anayoificha. Yaani msikilizaji anadaiwa! Katika hadithi ya pili zimwi linabomoa nyumba ya mchungaji, Conor naye anajiunga, anavunja na kupasua kwa raha zake. Hadithi inapokwisha anajikuta amesimama sebuleni kwa bibi yake, na vilivyovunjika ni vyombo vya bibi. Ukurasa ule niliusoma mara tatu nikauonea wivu.

Basi nikafanya hivi. Nikajiuliza bibi wa Mwanaidi anaficha nini. Nikagundua kwamba shamba lile halikuwa lake tangu mwanzo, na hawezi kulitamka hilo mbele ya mwanawe. Kwa hiyo analizungushia kwenye kisa cha mvuvi. Usiku wa tatu, bibi amekalia mbuzi anakuna nazi, Mwanaidi anamkatiza: “Bibi, kwani ile ngalawa ilikuwa ya nani?” Mbuzi ikanyamaza. Nikaikata sura papo hapo. Kurasa 62 zikawa 19, na sikulilia hata moja (sawa, ile ya papa nililia kidogo).

Kuna mambo ya ufundi pia. Lugha yetu inatupa zawadi ambayo nilikuwa siitumii: maisha ya Mwanaidi nimeyaandika kwa -na-, anakuna, anachungulia, anajibu, kisa cha bibi kinakwenda kwa -ka-, mvuvi akashuka pwani, akaita, asiitikiwe. Msomaji anajua yuko wapi bila kuwekewa herufi za mlalo ukurasa mzima, ambazo kwenye simu zinachosha macho. Alama za kunukuu nazo ziondoe bibi akishaanza kusimulia, la sivyo utafika mahali mvuvi anamnukuu mkewe ndani ya nukuu ya bibi na hata wewe hujui umefunga ipi.

Majina, jamani. Msichana wa nje Mwanaidi, mke wa mvuvi nikamwita Mwanahamisi. Mimi mwenyewe nilishawachanganya kwenye sura ya saba, Mwanahamisi akaenda shule. Sasa mke wa mvuvi hana jina, ni mke wa mvuvi basi, kama kwenye ngano zote za jikoni.

Na usianze hadithi ya ndani mapema mno. Mpe msomaji sura mbili tatu azoee nyumba ya nje, ajue nani anagombana na nani, ndipo bibi avute kigoda.

Mswada mpya nilimpa yuleyule, kwa hofu. Usiku saa nne ikaingia meseji: “Shangazi ngalawa ilikuwa ya nani???” Sikumjibu, asome. Baada ya dakika kumi ikaingia ya pili: “Ila pale unapoeleza bahari nimeruka.”